Piga Kofi Kuendelea

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili usije ukadhani huko mbele kwamba nilitoka kwa hiari. Kidato cha nne nilimaliza, cheti kipo, mende wamekula pembe moja, na tangu hapo nafanya kazi ambayo watu wa mtaa wetu hapa Kyela hawaioni kuwa kazi: nageuza kakao uani. Asubuhi naianika kwenye jamvi. Wingu likitokea naikusanya. Wingu likipita naianika tena. Mke wangu ndiye wa safari. Anavuka mto Songwe kwenda kwa shangazi zake upande wa Malawi, anarudi na vitenge, anashuka kwenye pikipiki na kuuliza, "Kakao imekauka?" Namjibu haijakauka. Hiyo ndiyo ndoa yetu, na sikuwa na malalamiko.

Macho yangu ni mabovu. Sijafika kwenye upofu, lakini herufi za kawaida naziona kama sisimizi waliokanyagwa. Nikitaka kusoma nasogeza karatasi mpaka iguse pua, halafu napita neno moja moja kama mtu anayenusa mboga iliyolala. Hili sikuwa nimelitangaza popote. Alilitangaza mke wangu.

"Baba watoto," alisema siku hiyo, hata mzigo hajautua, "kuna watu wa mradi wamefika shule ya msingi. Wanatengeneza masomo ya kwenye simu, ya watu wote, hata wenye ulemavu. Wanatafuta mtu asiyeona vizuri. Nimekutaja."

"Umenitaja bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema kakao."

Nikafunga mdomo, maana ulikuwa umeshafunguka niseme kakao.

Basi Jumamosi nikajikuta nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, katika darasa lililonukia chaki na popo. Mbele alisimama dada wa mradi, ametoka Dar es Salaam, viatu vyake vimeshajaa tope letu hadi kwenye kamba. Alikuwa na simu kadhaa zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na uso wa mtu aliyelala kwenye chumba chenye mbu.

Tulikuwa wanne. Kulikuwa na mzee wa duka, mwenye duka la khanga na mafuta karibu na stendi. Ukoo wake ulitoka pwani zamani sana, lakini yeye huongea kana kwamba ameshuka leo asubuhi na mizigo bado iko mlangoni. Mikono yake inatetemeka. Akilenga kitufe cha kulia anabonyeza cha kushoto, na inasemekana aliwahi kumpigia kwa bahati mbaya mkwe wake aliyegombana naye, wakagombana upya. Kulikuwa na dada kiziwi, mfinyanzi wa vyungu, aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe na kumalizia kwa pikipiki, pamoja na mdogo wake wa kumtafsiria. Alama zao walizibuni wenyewe nyumbani kwao, hazifanani na zile za kwenye televisheni. Na kulikuwa na mama mmoja kipofu, muuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu, kutoka upande wa Itungi, mnene, sauti nzito, harufu ya samaki wakavu imemtangulia mlangoni kama mjumbe.

Mama huyo nilimjua kidogo, kwa sababu mke wangu hukopeshana naye maneno sokoni. Aliponisikia nakohoa tu akasema, "Ni wewe, shemeji? Leo kuku wanalinda kakao?"

Nikajua siku imeharibika.

Dada wa mradi akafungua kikao vizuri tu. "Karibuni. Hatujaja na kitu kilichokamilika. Tumekuja kubuni pamoja nanyi."

"Kubuni?" Mama wa usipa akageuza kichwa. "Umesema kubuni?"

"Ndiyo, mama. Kubuni somo kwa pamoja."

"Ndaga," akajibu, ile ndaga yetu ya kushukuru, ila aliitamka kama anarudisha chenji mbovu. "Kubuni nimetosheka. Mimi nabuniwa kila jioni nyumbani kwangu."

Dada wa mradi hakuelewa, na mimi namtetea, hangeweza kuelewa. Kwa wataalamu, kubuni ni kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo. Kwetu pia ni hivyo hivyo, ila kitu chenyewe huwa ni uongo.

Mama akaeleza, na ninaandika alivyosema kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

"Nina binti, yuko darasa la tatu. Kila jioni nikishaanua usipa namwambia njoo unisomee kitabu. Anasoma! Anasoma kama redio. Mamba anatoka ziwani, amevaa koti, anakwenda gulioni kununua viatu. Majirani wanabeba vigoda wanakuja kusikiliza. Nikajisifu, we! Nikawaambia mwanangu atakuwa mwalimu. Juzi mwalimu akaniita. Mama, mtoto wako hajui kusoma. Nikamwambia wewe ndiye hujui kusikiliza. Akanishika kidole akakiweka kwenye kitabu. Hapa pameandikwa kuku. Hapa pameandikwa yai. Mamba hayumo kitabu kizima. Hakuna hata kenge."

Mzee wa duka akacheka puani. Mama akamsikia.

"Cheka. Mwakani ni mtihani wa darasa la nne, na binti yangu atakaa pale anamsimulia msahihishaji habari za mamba. Sasa nyie watu wa simu, mimi sihitaji mambo mengi. Nataka niujue ukurasa kabla yake. Nikikaa naye nijue anasoma au ananisokota. Nimedanganywa sokoni, nimedanganywa kwenye mizani. Ndani ya nyumba yangu sitaki."

Dada wa mradi akasema, "Ndiyo maana tuko hapa," na nadhani alimaanisha. Halafu akatupanga wawili wawili. Mzee wa duka akapewa mfinyanzi, ambaye hakuwa na haja ya lafudhi yake. Mimi nikapewa mama wa usipa.

"Mtasaidiana," dada wa mradi alisema.

"Kwa lipi?" mama akauliza. "Ukitujumlisha mimi na huyu unapata jicho moja, nalo lina ukungu."

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Unafungua, inatokea picha, na sauti ya mwanamke inasoma sentensi. Halafu inakutaka useme neno mojawapo. Ukilisema sawasawa unapita, unasomewa ukurasa unaofuata. Usipolisema sawasawa hupiti. Kwa kusema, siyo kuandika, ili asiyeona asihangaike na herufi. Nilipolisikia nililipenda. Nikafikiri: nusu saa, nimerudi nyumbani.

Picha ya kwanza, mtu na nyavu. "Baba anavua samaki," ilisema simu, kwa sauti laini, sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kugombania maji bombani. "Sema: anavua."

"Anafua," akasema mama wa usipa.

"Si sahihi. Jaribu tena."

Hapa mgeni anahitaji kuelezwa. Katika Kinyakyusa herufi v hatuna. Ikija kutoka kwa Waswahili tunaipokea vizuri, tunaikalisha, tunaiita f, hata pale ninapokuandikia v. Kwa hiyo kwetu baba anafua samaki, na nguo pia anafua, na hakuna aliyewahi kupika shati.

"Anafua."

"Si sahihi. Jaribu tena."

"Gwe," mama akaiambia simu, kwa ile gwe ya kumwita mtu unayetaka kumvuta sikio, "samaki nimeanza kuwauza wewe hujawa hata waya. A-na-fu-a!"

"Si sahihi. Jaribu tena."

Nikajaribu mimi, kwa kiburi cha kidato cha nne. Nikakaza meno. Simu ikanijibu kwa upole uleule. Nikajaribu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Si sahihi. Kule dawati la pili tukasikia kengele tamu kidogo na maneno, "Hongera! Ukurasa wa pili." Mzee wa duka alikuwa ameinua kidevu.

"Anavua," alirudia, bila kuombwa. "Mbona rahisi."

Mfinyanzi alikuwa ameitazama simu muda wote bila kujua linaloendelea, midomo ya wenzake inacheza, picha inabadilika, sababu haioni. Akaligonga dawati kwa kiganja, akafanya alama mbili kwa haraka: akaibana pua yake kwa vidole viwili, akaelekeza kidole kwenye simu.

"Anasema nini?" akauliza mama wa usipa. "Kuna mtu anapiga dawati. Mwambieni aache, hili lina kazi ya kutosha."

Mdogo mtu akatafsiri, kisha akatafsiri jibu: "Anasema huyo mwanamke wa kwenye simu anajiona. Na anasema wewe uache kuongea, midomo yako inamchosha kuitazama."

"Mwambie mimi nimechoka kusikia mikono yake."

Mmoja haoni alama, mwingine hasikii sauti, na bado walitukanana hadi mdogo mtu akawa anatoa jasho. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo ambavyo watu wenye macho na masikio yote hawakuelewana vizuri namna hiyo.

Kisha ikanyesha. Nani asiyejua mvua ya Kyela inavyolipiga bati? Simu ikawa haisikii hata mzee wa duka. Alirudi mwanzo kujionyesha, akasema anavua, akasema tena, akapaza, pwani nzima ikamtoka kooni. Si sahihi. Ile raha niliyoipata hapo sikuistahili, lakini niliipata.

"Tusubiri ipungue," akasema dada wa mradi kwa kupiga kelele.

"Hapa Kyela?" nikamjibu. "Dada, utaolewa hapa ukisubiri."

Hakucheka. Alikuwa amechoka, na alichosema baadaye nadhani alikisema kwa uchovu tu. Mvua ilipolegea kidogo akainama kwenye dawati letu akasema, "Mama, labda tujaribu kutamka vizuri zaidi."

"Vizuri zaidi kuliko nani?"

"Si kwamba—"

"Kuliko nani, mwanangu? Mtaje."

Mzee wa duka akaona nafasi ya kufundisha. Akasogea. "Mama we, si kosa lako, ni ulimi tu. Meno ya juu yaweke kwenye mdomo wa chini. Vvv. Vvvua."

"Meno yangu na mdomo wangu vinaelewana, mzee. Wewe nenda kaishike mikono yako kwanza."

"Na wewe kamshike mtoto wako."

Niliinama kutafuta kalamu ambayo sikuwa nayo. Mfinyanzi akamvuta mdogo wake bega, anataka kutafsiriwa, na mdogo mtu akatikisa kichwa, hili hapana. Dada wa mradi alisimama na mkono mdomoni. Hapo hapo simu, ambayo ilikuwa imengoja jibu lake kwa adabu zake zote, ikasema, "Si sahihi. Jaribu tena."

Mama wa usipa akaizaba kofi.

Nasema kofi, siyo kubonyeza. Kiganja kizima, kile kinachogeuza usipa kwenye chanja toka alfajiri. Simu ikaruka, ikatua mapajani mwangu, ikatikisika kama kuku aliyetoka kwenye maji, na kwa ile sauti yake ya mchele safi ikasema: "Ukurasa wa pili. Baba anarudi nyumbani. Mama anapika samaki."

Mama akaipapasa mpaka akaipata, na ukweli ni kwamba aliyapapasa mapaja yangu pia, tukasameheana. Akaizaba tena. "Ukurasa wa tatu," ikasema simu.

"Inasoma," alisema. "Kumbe inajua kusoma bila kuniuliza!"

Dada wa mradi akaja mbio. "Hapana, hapana, hiyo si sehemu ya somo. Hiyo nimeiweka kwa ajili yangu. Ukigusa popote inaruka swali. Ni ya kujaribia tu."

"Kwa nini uruke swali?" nikauliza. Nilikuwa nauliza tu.

"Kwa sababu nikiwa nafanya kazi siwezi kujibu maswali yote kila mara. Yanachosha."

Aliposikia alichosema alinyamaza mwenyewe. Lakini mama wa usipa si mtu wa kumwacha mwenzake anyamaze kwa amani.

"Kumbe wewe una mlango wako wa uani," alisema polepole. "Sisi umetusimamisha mlango wa mbele tunabisha hodi, tunaambiwa hodi yetu ina lafudhi, na wewe unaingilia jikoni."

Dada wa mradi aibu ikamshika, lakini hakukimbia, na hapo nikaanza kumheshimu kwa shingo upande. Akakaa kwenye dawati, magoti yake nayo kidevuni. "Sawa. Lakini nisikilizeni na mimi. Nikiyaondoa maswali, mtu atasikiliza tu, kama redio. Nitajuaje amejifunza? Wanaonilipa wataniuliza hilo hilo."

"Mimi sijaja kujifunza kuku na yai," mama akamjibu. "Nimekuja nipate silaha."

Wakabishana hadi mvua ikarudi. Mzee wa duka alishikilia maswali yabaki, na kila mtu alijua sababu: yalikuwa ndicho kitu pekee darasani alichokiweza peke yake. Mfinyanzi alitaka maswali ya kusema yatoke kabisa. Kwake yalikuwa ukuta usio na hata kitasa. Mimi nilitaka tumalize. Niliona wingu kupitia dirishani na nikajua kakao yangu muda huo inaoga.

Iliyoumaliza ubishi ni mikono ya mzee wa duka. Alikuwa ameichukua simu ili atuonyeshe tena jinsi anavua inavyosemwa. Mvua ikamkatalia. Akakasirika, akailaza dawatini na kuipiga kama mwenzake alivyoipiga, kiganja kizima, kinatetemeka hivyo hivyo. Ukurasa ukafunguka. Akaipiga tena, ukafunguka mwingine. Akautazama mkono wake. Kwa mara ya kwanza alikuwa amefungua kitu kwenye simu bila kumpigia mkwe wake.

"Hii," alisema bila kumtazama yeyote, "ibaki."

Mfinyanzi naye akaipiga. Akaweka vidole juu yake, akatikisa kichwa kwamba hahisi kitu, akamwambia mdogo wake: itikisike kila ikipigwa, kama ilivyotikisika mapajani kwa yule baba, ili ajue imemsikia. Dada wa mradi akasema hilo linawezekana, na maneno yatatokea chini ya picha, makubwa. "Makubwa kiasi gani?" nikauliza. Akanionyesha. Nikasema zaidi. Akaongeza. Nikasema zaidi. "Baba, sasa litabaki neno moja tu kwenye kioo." Nikamwambia ndivyo ninavyosoma, neno moja, nalinusa, napita.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa maneno matatu. Dada wa mradi aliandika: Gusa popote kuendelea. Tulipoijaribu, mzee wa duka aliposikia gusa alitoa kidole, kikatetemeka, kikakosa. Mama wa usipa naye alitoa kidole, kwa woga, kama anaonja uji wa moto, akagusa ubavu wa simu. Neno gusa linaita ncha ya kidole, hata uongeze popote mara ngapi.

"Andika piga kofi," mama akasema.

"Mama, haya ni masomo. Wakubwa hawatakubali kofi."

"Basi waje wao wapapase."

Akaandika, kwa kujaribu tu, na simu ikasema kwa ule upole wake: "Piga kofi kuendelea." Mimi nikapiga makofi. Nilidhani tunapongezana, kama mikutanoni. Wakanitazama wote, hata asiyeona. Kwa hiyo likabaki kofi, na kwa ajili ya watu wa aina yangu dada wa mradi akaongeza: simu. Piga simu kofi kuendelea. Maswali yakahamia mwisho wa somo, ya kujibu kwa kofi hilohilo, moja ndiyo, mawili hapana, na asiyetaka asijibu. Hakuna aliyemshukuru. Mzee wa duka na mama wa usipa waliondoka bila kuagana, na hadi leo hawasalimiani.

Kabla hatujatawanyika dada wa mradi alikitia kile kitabu cha darasa la tatu kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa, akasema lazima kijaribiwe nyumbani kwa mama, na lazima mmoja wetu awepo, aje amweleze ilivyokwenda.

"Shemeji atakuja," mama akasema. "Hana kazi."

"Nina kakao," nikasema.

Hapo ndipo walipocheka wote pamoja, kwa mara ya kwanza.

Nikaenda. Pikipiki ilinipeleka hadi karibu na Itungi, mimi nimefumba macho, ambayo kwangu ni tofauti ndogo. Mchana ulikuwa umeanza kulegea. Usipa walikuwa kwenye chanja, nzi nao wako kazini. Mama akanikaribisha kigoda, akaichukua simu, akajifungia ndani nayo. Nikasikia kofi. Kimya. Kofi. Kimya. Alikuwa anausoma ukurasa kabla ya mwanawe, kama alivyotaka. Alipotoka alikuwa ameikunja midomo kama mtu aliyehesabu samaki akakuta kweli wamepungua.

Majirani walianza kufika na vigoda vyao. Binti akaitwa. Alikuwa mwembamba, nywele zimenyolewa kishule, akaniangalia kwa jicho la kunipima nina faida gani. Akafungua kitabu, akaanza bila kuyumba:

"Siku moja mamba alitoka ziwani amevaa koti la mvua, akamkuta mwenye bajaji, akamwambia, nipeleke gulioni—"

Sauti yake ilikuwa nzuri. Nakiri hata mimi nilitaka kujua nauli walikubaliana vipi.

Mama akaizaba simu.

"Kuku ametaga yai," ikasema simu. "Yai ni jeupe."

Majirani wakaacha kutafuna. Binti akautazama ukurasa, akaitazama simu, akamtazama mama yake. Kisha akasema, kwa utulivu ambao sitausahau:

"Mama, hiyo simu inabuni."

Nikaona mama amesita. Ndiyo, alisita. Yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa amemwambia si sahihi darasani mara zisizo na idadi, kwa nini aaminiwe leo kuliko mtoto aliyemzaa? Kitabu kilikuwa mbele yake na hakikumsaidia chochote. Akanyoosha mkono, hakuelekeza kwangu hasa, alielekeza kwenye harufu ya kakao.

"Shemeji. Chukua hicho kitabu. Kimeandikwa nini?"

"Huyu naye haoni," akasema binti haraka. "Amegonga chanja akiingia."

"Haoni, lakini hana akili ya kubuni. Soma, shemeji."

Nikakiweka kitabu puani. Kilinuka usipa na vidole vya mtoto. Sisimizi wakasogea, wakajipanga. "Ku," nikasema. "Ku. Kuku." Nikasogea. "A-me-ta-ga. Yai." Nikakishusha. Binti alikuwa ananitazama kwa chuki safi, ya mtu mzima. Sikumlaumu. Mama mmoja jirani aliinua kigoda chake. "Kwa hiyo leo hakuna mamba?" aliuliza, akaondoka akilalamika, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, kama watu waliosikia kwamba msiba ni wa nyumba nyingine.

Nilingoja kofi la pili, na safari hii sikudhani ni la simu. Halikuja. Mama alimvuta binti akamkalisha katikati ya magoti yake, akakiweka kitabu mapajani mwa mtoto na simu kando ya mguu wake mwenyewe.

"Anza. Herufi ya kwanza."

"Sijui."

"Unaijua. Shemeji hapa kaijua kwa pua."

Ilikuwa kazi mbaya kuitazama. Mtoto alisema ku kwa kununa, akasema ku ya pili kwa kulia, akabuni neno katikati, mama akapiga simu kofi, simu ikasoma, akarudishwa mwanzo. Akabuni tena, kofi, mwanzo. Hakuna aliyebembelezwa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba walipofika kwenye yai jeupe bila msaada wa simu, na binti aliisema sentensi ile nzima kama mtu anayetema mbegu.

"Ndivyo kilivyoandikwa?" mama akauliza.

"Ndivyo."

Mama akaipapasa simu akanirudishia. "Mwambie huyo dada wa Dar inafanya kazi. Na nenda kwako, kakao yako itaota." Nikainuka, kwa furaha kubwa, nikakigonga chanja tena.

Nilikuwa naitafuta njia kati ya nyavu nilipomsikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo sokoni wala darasani.

"Na yule mamba," alimwambia binti. "Huko gulioni. Viatu alivipata?"

Binti alikifunga kitabu.

"Sijui," akasema. "Haijaandikwa."